Usiahidi Kufika

Mwanangu, leseni yako nimeiona, na hongera. Marehemu babako angekuwapo angeichinjia mbuzi. Mkono wako ni mwepesi, unasikia ndege inavyosema, na mwalimu wako alinipa sifa zako bila mimi kumuuliza. Kwa hiyo sikukuita nikufundishe kurusha ndege. Kurusha unajua. Nimekuita kwa jambo ambalo nimewaambia vijana wengi waliopitia karakana yetu pale kiwanja cha ndege cha Wilson, Nairobi, hadi wengine wakiniona kwa mbali wakawa wanatokea mlango wa nyuma. Siwalaumu. Mzee anayerudia neno lile lile huchosha, na mimi mwenyewe limeshanichosha. Kaa tu, nitalisema polepole.

Ndege ndogo ikianguka, swali la kwanza la watu huwa ni hili: injini ilizima? Wanataka iwe injini, kwa sababu injini haina mama wala mjane. Lakini kule Marekani, ambako ndege za watu binafsi ni nyingi kuliko popote na kila ajali huandikiwa ripoti, karibu robo tatu ya ajali hizi hurudi kwa rubani mwenyewe. Aliamua kitu, akasahau kitu, au aliona kitu akajifanya hakukiona. Mitambo nayo huharibika, mimi ni fundi, nitalifikia hilo. Ila nataka ujue uzito uko upande gani.

Abiria wa ndege kubwa analindwa na watu asiowajua. Kuna rubani wa pili. Kuna ofisi iliyopanga safari, mtu wa mizani, mtu wa hali ya hewa, na kitabu cha kampuni kinachosema hapana hata rubani akitamani kusema ndiyo. Safari ikivunjwa, abiria anamfokea karani wa kaunta na karani hana udugu naye. Wewe mwanangu ndiwe rubani, ndiwe ofisi, ndiwe mizani, ndiwe karani wa kaunta. Na abiria wako ni watu wa nyumbani, uliowaambia tangu wiki iliyopita kwamba Jumamosi mtafika.

Wahenga walisema ahadi ni deni, na watoto wangu nimewalea kwa neno hilo. Lakini neno hilo ukifika kwenye geti la kiwanja liache kwa askari. Wengi niliowajua, na wengi niliowasoma, hawakufa kwa ujinga. Walikufa wakilipa deni hilo.

Chukua habari ya John F. Kennedy Mdogo, mtoto wa yule rais wa Marekani. Ijumaa ya tarehe 16 Julai 1999 alikuwa na mambo mawili ya kutimiza. Shemeji yake, Lauren Bessette, alipaswa kushushwa kisiwa cha Martha's Vineyard. Yeye na mkewe Carolyn wangeendelea hadi Hyannis Port, ambako binamu yake alikuwa anaolewa kesho yake. Mpango ulikuwa waondoke mapema. Kazi ikachelewesha, magari barabarani yakachelewesha, na walipopaa kutoka Caldwell, New Jersey, ilikuwa saa mbili na dakika 38 usiku. Jua lilikwishazama.

Hakuwa rubani mbaya. Alikuwa na saa kama 310 za kuruka, na ndege yake, Piper Saratoga, ilikuwa nzima. Ila hakuwa amefuzu kuruka kwa kutegemea vipimo peke yake. Mafunzo hayo alikuwa ameyaanza tu. Ndege yenyewe alikuwa nayo kwa miezi michache, na katika saa alizoirusha, ni kama tatu tu alizokuwa bila mwalimu pembeni. Jioni ile mmoja wa walimu wake alijitolea kwenda naye. Akakataa, akasema anataka kwenda peke yake.

Sheria haikumzuia. Ripoti za hewa zilisema kunaonekana. Lakini juu ya bahari kulikuwa na utusitusi, hakuna mwezi wa maana, na rubani mwingine aliyepita huko usiku ule aliwaambia wachunguzi kwamba alipotazama upande wa kisiwa hakuona taa hata moja, akadhani umeme umekatika. Fikiri hilo kidogo. Kisiwa kizima kipo mbele yako, na hukioni. Kennedy angeweza kufuata pwani, ambako taa za miji zingemwonyesha juu ni wapi na chini ni wapi. Akakata moja kwa moja juu ya maji, njia fupi. Saa tatu na dakika 41 ndege iliingia baharini, ikishuka kwa zaidi ya futi 4,700 kwa dakika. Wazamiaji waliipata miili yao siku tano baadaye. Wachunguzi waliandika kwamba rubani alipotewa na mwelekeo.

Umesoma darasani maana yake, najua, lakini darasani uliisoma kwa ajili ya mtihani. Nisikilize tena. Ndani ya sikio lako kuna mirija mitatu midogo yenye maji. Ndege ikianza kugeuka, maji yanatikisika na mwili unajua kwamba umegeuka. Ikiendelea kugeuka kwa utaratibu, maji yanatulia, na mwili unaapa kwa jina la Mola kwamba unakwenda moja kwa moja. Ukiinyoosha sasa, mwili unapiga kelele kwamba umepinda upande wa pili, basi unairudisha palepale ilipokuwa. Pua inaanza kuzama. Unaona futi zinapungua na mwendo unaongezeka, unavuta usukani kwako, na kwa kuwa bawa limelala, kuvuta kule hakukuinui bali kunaukaza ule mzunguko. Unavuta zaidi. Hapo hujihisi unaanguka hata kidogo. Unajihisi umekaa sawa kwenye kiti, na ni vipimo tu ndivyo vinavyoonekana vimeingiwa na wazimu.

Chuo Kikuu cha Illinois kilifanya jaribio mwaka 1954. Walichukua marubani 20 ambao hawakufunzwa kutumia vipimo, wakawaziba macho yasione nje, kana kwamba wameingia wingu, mwalimu akiwa kando. Wote 20 walipoteza udhibiti wa ndege. Wastani ulikuwa sekunde 178, yaani hata dakika tatu hazikutimia, na mmoja wao hakupita sekunde 20. Hakuna aliyekuwa mlevi, hakuna aliyekuwa mgonjwa. Walikuwa na masikio ya binadamu, na wewe unayo hayo hayo.

Usiniambie hayo ni ya Wamarekani na bahari yao. Ukitoka Manda au Diani magharibi imekwisha, mwezi haujatoka, pua ikielekea baharini, weusi ni huo huo. Na huku bara tuna jambo lingine. Miezi ya baridi, Juni hadi Agosti, wingu hukaa kwenye ukingo wa Bonde la Ufa kama mtu aliyelipa kodi. Maasai Mara kuna jua, Naivasha kunaonekana vizuri, na katikati mlango umefungwa. Kijana anasema nitapita chini kidogo. Anapita chini kidogo, halafu chini zaidi, na ardhi nayo inapanda. Tarehe 5 Juni 2018 ndege ya abiria aina ya Cessna Caravan iliyotoka Kitale iligonga milima ya Nyandarua, watu 10 wakafa, na mle mbele walikaa marubani wawili wenye mafunzo ambayo wewe bado huna. Mlima ulikuwa palepale ulipo kwenye ramani.

Sasa nije kwenye mizigo, ambayo watu huiona ni habari ya makarani.

Mwaka 1996, Marekani hiyo hiyo, msichana wa miaka saba, Jessica Dubroff, alipangiwa kuvuka nchi nzima kutoka California hadi pwani ya mashariki na kurudi, yeye akishika usukani, mwalimu wake kando na babake nyuma. Mtoto wa miaka saba hawezi kuwa rubani kisheria. Aliyekuwa rubani ni yule mwalimu. Lakini magazeti na televisheni walishaitwa, na kila kituo kilikuwa na kamera zinazosubiri. Asubuhi ya tarehe 11 Aprili walikuwa Cheyenne, Wyoming, kiwanja kilicho zaidi ya futi 6,000 juu ya bahari. Mvua ya radi ilikuwa inaingia. Ndege, Cessna 177 Cardinal, ilikuwa imezidi uzito. Mwalimu alikuwa amechoka na safari ya siku iliyotangulia, na hakuzoea hewa ya juu namna ile. Wakapaa. Hawakufika mbali, bawa likaacha kubeba, ndege ikaangukia mtaa wa makazi na wote watatu wakafa. Wachunguzi walitaja hali ya hewa, uzito, na hewa nyepesi. Kisha wakataja jambo ambalo huwa haliandikwi sana kwenye karatasi za mafundi: ile hamu ya kuitimiza ratiba, na ahadi walizowapa waandishi wa habari. Bunge lao likatunga sheria mwaka ule ule kuzuia mashindano ya namna hiyo kwa watoto. Sheria nzuri. Haikuwagusa watu wazima wenye ratiba.

Wilson iko zaidi ya futi 5,500. Saa saba mchana, joto likifika nyuzi 28, hewa ya pale ni kama ya futi 8,000 na kitu. Injini yako haina kisukuma-hewa, kwa hiyo kabla hujagusa chochote robo ya nguvu zake imekwishapotea. Pangaboi nalo linakosa cha kushika, na bawa vilevile. Kijana aliyejifunzia Mombasa, usawa wa bahari, anakuja huku, anasukuma kishikio cha nguvu za injini hadi mwisho, anaona nyasi za mwisho wa njia zinakuja haraka kuliko alivyozoea, na kwa hofu anavuta pua juu mapema. Kuvuta huko ndiko kunakomuua. Angeiacha ikimbie chini kidogo, ipate mwendo, ingepaa. Na kama angeondoka saa moja asubuhi, tusingekuwa na la kuzungumza.

Nimesikia kwamba Idi ikipita utampeleka shangazi yako Lamu arusini, na binti zake wawili. Usistuke, shangazi yako hana siri na simu yake haipumziki. Hiyo ndege ina viti vinne. Viti vinne, mwanangu, si ruhusa ya watu wanne pamoja na tangi zilizojaa na masanduku ya arusi. Fanya hesabu kwa kalamu. Uwapime watu kwa mizani, si kwa kuwauliza, maana hakuna mwanamke wa ukoo wenu aliyewahi kutaja kilo zake za kweli, na wanaume ni wabaya zaidi. Hesabu ikizidi, punguza mzigo au punguza mafuta na upange pa kujaza njiani. Shangazi akisema sufuria za zawadi lazima zifike, basi la Mombasa lipo, na ukifika Mombasa la Lamu lipo.

Aaliyah, yule mwimbaji, unamkumbuka? Watoto wangu walibandika picha yake ukutani. Tarehe 25 Agosti 2001, kisiwa cha Abaco huko Bahama, walikuwa wamemaliza kupiga picha za video na walitaka kurudi siku ile ile. Ndege iliyokuja ilikuwa ndogo kuliko vyombo na watu waliokuwapo. Palikuwa na mabishano juu ya uzito pale chini. Mabishano yakaisha kwa vitu kupakiwa. Rubani hakuwa na idhini ya kuirusha ndege ile kwa kampuni ile, na damu yake baadaye ilionekana ina pombe na kokeini. Ilipaa kidogo tu, ikaanguka. Watu tisa wakafa. Huwa nasema kila mtu aliyebishana pale alijua ukweli, na kila mmoja alingoja mwingine aseme hapana.

Nikupitishe haraka kwenye mashine, maana hilo ndilo langu.

Kwanza, usidhani ndege ni ndege. Unapopewa usiyoizoea, hata ikiwa na mabawa mawili kama yako, wewe ni mwanafunzi tena. Tarehe 12 Oktoba 1997 John Denver, mwimbaji mwenye saa nyingi sana za kuruka, alipaa Monterey, California, na ndege aliyokuwa ameinunua juzi tu, ya aina ya Long-EZ iliyotengenezwa na mtu nyumbani. Aliyeitengeneza alikiweka kile kishikio cha kubadilisha tangi nyuma ya bega la kushoto la rubani. Michoro ya asili ilikiweka mbele, katikati ya miguu. Ukitaka kukigeuza unaachia usukani, unajipinda kiunoni, unapeleka mkono wa kulia nyuma ya bega la kushoto. Geji za mafuta nazo zilikuwa nyuma. Pale kiwanjani yeye na fundi walijaribu kukirefusha kishikio kwa koleo, haikufaa. Fundi akampa kioo kidogo ili aweze kuzisoma geji begani. Fundi akamuuliza kuhusu mafuta, akajibu hayahitaji, safari ni fupi. Wachunguzi waliona kwamba tangi alilokuwa akitumia lilikauka, akajipinda kubadilisha, na mguu ukakanyaga pedali alipokuwa anajisukuma. Ndege ikajigeuza ikaingia baharini.

Mimi nikisoma habari hii sijiulizi kuhusu Denver tu. Namfikiria yule fundi na kioo chake. Alitaka kusaidia. Sisi mafundi tunapenda kusaidia, tunatafuta koleo, tunatafuta kioo, wakati kazi yetu ingekuwa kusema: bwana, hii irudi karakana.

Na vipimo. Mwimbaji Buddy Holly na wenzake wawili, Februari 3, 1959, kule Iowa, waliamua kupanda ndege ndogo usiku wa manane kwa sababu basi lao lilikuwa halina joto na walitaka kufika mapema wafue nguo. Rubani alikuwa kijana wa miaka 21 asiyefuzu kuruka kwa vipimo. Maonyo ya dhoruba yaliyotolewa hakupewa. Na kipimo cha upeo kilichokuwa kwenye ndege ile, aina ya Bonanza, kilionyesha kupanda na kushuka kinyume na vile alivyofundishwa. Gizani, ndani ya theluji, unatazama kipimo kimoja na kinakwambia kitu ambacho macho yako yanakitafsiri upande usio wake. Walianguka dakika chache tu baada ya kupaa.

Mafuta. Geji usiiamini, chovya kijiti kila mara, hata kama jana umejaza, hata kama kijana wa pampu amekuapia. Injini kama yako inakula kama lita 50 kwa saa, hesabu ya mtoto wa shule, na bado watu hukaukiwa angani mwaka baada ya mwaka. Nimeona ndege ikiingia karakana ikivutwa na trekta, haina mkwaruzo, na tangi zote mbili nikipiga kwa kidole zinalia kama ngoma. Nilipomuuliza bwana mwenyewe, akasema alikuwa akiona upepo umembana tangu katikati ya njia, lakini kiwanja alichotaka kilikuwa karibu kuliko kurudi. Kulikuwa na kiwanja kingine chini yake kabisa. Hakukitaka kwa sababu gari la kumpokea halikuwa pale.

Chota petroli chini ya tangi kila asubuhi, uitazame kwenye mwanga. Hasa ukijaza kutoka mapipa ya porini, maji humo ni ya kawaida. Na usidhani barafu ni ya Ulaya. Ndani ya kabureta hewa hupoa sana, na pwani kwenye unyevu, nje kukiwa nyuzi 20 na ushee, barafu hujijenga humo ndani na injini ikaanza kukohoa bila sababu. Vuta lile joto la kabureta mapema, usisubiri.

Moshi pia. Mchezaji mpira Emiliano Sala alikufa Januari 21, 2019, akivushwa usiku kutoka Nantes kwenda Cardiff kwa Piper Malibu. Wengi walizungumza juu ya rubani, ambaye hakuwa na ruhusa ya kubeba abiria kwa malipo wala ya kuruka usiku, na ni kweli, aliyepanga safari ile alifungwa. Lakini mimi nilikwama pengine. Katika damu ya Sala walikuta kaboni monoksidi nyingi mno, na wachunguzi wakasema inaelekea rubani naye aliivuta. Inaelekea moshi wa injini uliingia ndani kupitia hitilafu ya bomba. Gesi hiyo haina harufu, haina rangi, na inakufanya ujione mzima. Kuna kifaa kidogo cha kubandika kwenye dashibodi kinachopiga kelele ikiingia. Bei yake haifiki ya chakula cha jioni mnachokula kule mjini. Kinunue kesho.

Kuna ajali ambazo hazina wa kulaumiwa sana, na sitaki udhani kila aliyekufa alikosea. Michael Grzimek, yule Mjerumani kijana aliyekuwa akihesabu wanyama Serengeti na babake, kwa ndege yao iliyopakwa mistari ya pundamilia, aligongana na tumbusi Januari 10, 1959. Miaka 24. Kaburi lake liko ukingoni mwa Ngorongoro. Mbuga zetu zina ndege wenye haki ya anga kuliko sisi, na wakati mzoga uko chini wanazunguka juu kwa makumi. Na Machi 5, 2024, juu ya Mbuga ya Nairobi, ndege ya mafunzo iligongana na ndege ya abiria, mwalimu na mwanafunzi wake wakafa. Macho yawe nje, mwanangu, simu iwe mfukoni.

Ila usiruke chini kwa ajili ya kuonekana. Hilo nalisema kwa ukali, nisamehe. Kila kijana akipata leseni anataka kupita juu ya nyumba ya mchumba. Anapita chini, anatazama nyuma aone kama ametoka nje, anageuza kwa kulaza bawa. Ukilaza bawa hadi nyuzi 60 na kushikilia kimo, bawa linabeba uzito mara mbili, na ule mwendo ambao chini yake linaacha kubeba unapanda kwa asilimia 40. Hujapunguza injini, hujafanya kitu, na bawa limekuacha. Juu ungekuwa na nafasi ya kulirudisha. Futi 300 juu ya paa la mkweo hakuna nafasi. Ni hivyo hivyo kwenye kona ya mwisho ya kutua, ukiwa umepita mstari wa njia na unajaribu kuurudia kwa mguu. Umepita? Sukuma injini, zunguka, uje tena. Mafuta ya mzunguko mmoja hayajafilisi mtu.

Sasa nirudi kwenye deni. Mei 1931 rubani Denys Finch Hatton alikuwa anatoka Voi kurudi Nairobi na Gipsy Moth yake. Beryl Markham, ambaye baadaye alivuka Atlantiki peke yake, alikuwa aende naye kwenye safari ile ya Voi. Mwalimu wake, Tom Campbell Black, akamwambia asiende. Hakuwa na sababu ya kushika mkononi, kwa mujibu wa alivyoandika Markham mwenyewe. Moyo wake haukutaka tu. Akamsikiliza. Tarehe 14 Finch Hatton na mtumishi wake Kamau walianguka muda mfupi baada ya kupaa Voi, na sababu haikujulikana kamwe. Watu husimulia kisa hiki kama cha utabiri. Mimi sijali utabiri. Ninachokitazama ni kwamba Markham alikuwa na mtu wa kumwambia usiende, na alipoambiwa hakuona aibu kumvunjia mwenyeji wake safari.

Tafuta mtu huyo. Asiwe rafiki anayependa kuruka nawe. Awe mtu ambaye utampigia simu asubuhi ya safari umsomee hali ya hewa, uzito na mafuta kwa sauti, na akinyamaza kidogo tu, unajua. Nambari yangu unayo, na mimi usiku silali sana siku hizi. Na ukishapaa, jiwekee mstari kabla hujaanza, ukiwa bado umetulia: wingu likishuka chini ya futi kadhaa, narudi. Ikifika saa kadhaa sijaona mto Tana, narudi. Uandike kwenye karatasi iliyo pajani. Ukiwa mle ndani akili yako itataka kubishana, na karatasi haibishani.

Kisha waambie abiria ukweli wakiwa bado chini, kabla ya mikanda. Sema: huenda leo tukarudi hapa hapa, huenda tukalala Malindi, na hilo si kosa la mtu. Atakayenuna anune sasa, na atakayesema ana lazima ya kufika achukue basi. Beba pesa za kulala, zenu nyote wanne. Nimeona wanaume wakiingia wingu kwa sababu hawakuwa na pesa ya chumba, na walikuwa na ndege ya mamilioni.

Shangazi yako nitazungumza naye mwenyewe leo jioni. Nitamwambia kwamba arusi ni ya siku saba na siyo lazima afike siku ya kwanza. Mimi hanibishii, nilimshika mkono wake siku alipoolewa. Wewe kesho leta hiyo karatasi ya uzito tuipige hesabu, na uje na kitabu cha matengenezo cha ndege. Kuna tarehe ya bomba la moshi mle kitabuni ambayo sikuipenda.